Namba Imekataa Kuingia Akilini? Anza Kukagua Hapa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetumiwa picha yenye takwimu kwenye kundi la WhatsApp, akahisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hajui aanzie wapi. Si lazima uwe mtakwimu. Unahitaji kikokotoo cha simu, ripoti yenyewe (siyo picha ya ukurasa wake mmoja), na uvumilivu wa kusoma maelezo madogo yaliyo chini ya jedwali, kwa sababu huko ndiko mambo mengi hufichwa.

Jambo moja kabla hujafungua chochote. Mara nyingi namba yenyewe si ya uongo. Imetoka NBS (ofisi ya takwimu ya Tanzania), KNBS (ya Kenya) au kwa mtafiti anayejulikana, na ukiitafuta utaikuta. Kasoro iko kwenye sentensi iliyoibeba. Kwa hiyo usikimbilie kusema "hizi zimepikwa". Ukisema hivyo na ikakutwa ripotini, umeshashindwa hoja. Uliza kwanza: hii ni asilimia ya nini? Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Mpotoshaji hodari hakudanganyi kiasi. Anakuficha asili.

Dalili: Asilimia zikijumlishwa zinapita 100

Hii ndiyo dalili inayowasha moto haraka kuliko zote, na mara nyingi haina ugonjwa nyuma yake.

Mfano mkubwa kwetu Afrika Mashariki ni wa Kenya, Agosti 2022. Tarehe 15 mwenyekiti wa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto mshindi wa urais kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akiwa na 48.85, George Wajackoyah 0.44 na David Waihiga Mwaure 0.23. Kesho yake makamishna wanne wa tume hiyohiyo waliojitenga na matokeo walisimama mbele ya waandishi wakasema jumla ni asilimia 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000. Kabla jua halijazama namba hiyo ilikuwa imeshafika kila kona ya mitandao.

Kagua kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye kura zenyewe. Ruto 7,176,141, Odinga 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Jumla ni 14,213,027. Gawa kila moja kwa jumla hiyo na usikatishe desimali mapema. Utapata takriban 50.4899, 48.8491, 0.4360 na 0.2251. Sasa ziandike kwa desimali mbili kama tume ilivyofanya. Zote nne zinapanda: 50.4899 inakuwa 50.49, 48.8491 inakuwa 48.85, 0.4360 inakuwa 0.44, 0.2251 inakuwa 0.23. Hakuna hata moja iliyoshuka kufidia wenzake, ndiyo maana jumla ikateleza hadi 100.01. Hakuna kura iliyoingizwa. Kilichozidi ni vipande vya desimali vilivyokadiriwa kwenda juu.

Hatua ya pili: hata kama ingekuwa kweli, asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni ngapi? Asilimia 1 ni 142,130. Asilimia 0.1 ni 14,213. Asilimia 0.01 ni 1,421. Kura 142,000 ni asilimia 1 nzima, mara mia ya kile walichokuwa wanakizungumzia. Watu walibishana usiku kucha juu ya nani kaiba, na hesabu ilihitaji kuhamisha nukta tu.

Kipimo cha kutembea nacho: kila namba iliyokadiriwa inaweza kukosea kwa nusu ya tarakimu yake ya mwisho, haizidi hapo. Wagombea wanne kwa desimali mbili ni 4 × 0.005, yaani 0.02. Kwa hiyo 100.01 imo ndani ya mipaka. Ingekuwa 100.05, kadirio la desimali lisingeweza kuieleza, na hapo ungekuwa na haki ya kupiga kelele.

Nataka nieleweke: hesabu hii haijibu malalamiko mengine ya makamishna wale kuhusu namna tume ilivyoendeshwa. Inajibu hilo la 100.01 peke yake. Kukagua takwimu ni kazi ya kiwango hicho, dai moja baada ya jingine, na anayekuuzia kwamba kosa moja la hesabu limethibitisha au limebomoa kila kitu naye anahitaji kukaguliwa.

Chanzo kingine cha dalili hii ni swali lililoruhusu majibu zaidi ya moja. Watu wakiulizwa wanapata habari wapi, mmoja atataja redio, simu na jirani. Jumla ikifika 180 hakuna ajabu. Ajabu ni pale mtu anapochora majibu hayo kwenye duara lililokatwa vipande kama keki, maana keki haiwezi kuwa na asilimia 180.

Dalili: Taarifa inasema "imeshuka", sokoni mambo yanapanda

Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 19.8. Desemba 2012 ukawa 12.1, na Desemba 2013 ukawa 5.6. Vichwa vya habari vilisema mfumuko umeshuka, na ni kweli. Mama lishe alisema vitu vimepanda, na ni kweli vilevile.

Mfumuko ni mwendo wa bei, siyo bei. Chukua kikapu kilichogharimu shilingi 10,000 Desemba 2011. Mwaka mmoja baadaye ni 11,210. Mwaka unaofuata, kwa huo mfumuko "mdogo" wa 5.6, ni kama 11,840. Bei haikurudi nyuma hata siku moja. Ilipunguza kasi ya kupanda. Ili kikapu kirudi 10,000 mfumuko ungelazimika kuwa chini ya sifuri. Mwanasiasa akikwambia "tumeshusha mfumuko" kwa sauti ya mtu aliyeshusha bei, hapo ndipo penye kasoro.

Bado haikuingii akilini? Angalia kapu. Fahirisi ya bei hupimwa kwa kapu la bidhaa na huduma la kaya ya wastani nchini, na kwenye kapu linalotumiwa sasa na NBS chakula ni zaidi kidogo tu ya robo. Kama nyumbani kwako nusu ya kipato inaishia kwenye unga, mafuta, mchele na dagaa, basi mwezi ambao chakula kimepaa wewe utaumia kuliko taarifa inavyosema. Wala hakuna aliyedanganya hapo, kapu lao tu siyo lako.

Ndugu wa dalili hii ni umaskini. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 26.4 kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18. Katika kipindi hichohicho idadi ya maskini ilitoka kama milioni 13 ikafika kama milioni 14. Asilimia imeshuka, watu wameongezeka, na zote mbili ni sahihi kwa kuwa asili, yaani idadi ya wananchi, ilikua haraka. Anayetaka kusifu atachukua ya kwanza, anayetaka kulaumu atachukua ya pili. Ukiona moja peke yake, itafute nyingine.

Dalili: Namba imeruka ghafla

Hapa vyanzo ni vingi, tuvipange kwa mpangilio wa kuvikagua.

*Je, mizani ilibadilishwa?* Hili ndilo la kwanza kutazama kwa sababu ndilo rahisi kujibu. Matokeo ya kidato cha nne Tanzania ya mwaka 2012, yaliyotoka mwanzoni mwa 2013, yalikuwa msiba: ufaulu wa asilimia 34.5. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya, na ufaulu ukawa asilimia 43.08. Mitihani ileile, karatasi zilezile, wanafunzi walewale. Baadaye mwaka huohuo viwango vya alama na madaraja vikabadilishwa tena. Kwa hiyo mtu akikuchorea mstari wa ufaulu wa 2011, 2012 na 2013 na kusema "tazama elimu inavyopanda" au "inavyoshuka", muulize mstari huo umetumia mizani gani kila mwaka. Kama hana jibu, mstari wake hausemi kitu.

(Na hapo kuna mtego mdogo. Kutoka 34.5 hadi 43.08 si "ongezeko la asilimia 8.6". Ni ongezeko la pointi 8.6 za asilimia. Ukilipima kwa kulinganisha na pale lilipoanzia, ni kama robo nzima. Msemaji huchagua anayoipenda.)

Pato la Taifa nalo lina mizani yake, inaitwa mwaka wa kizio. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 kwenda 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa takriban robo, nchi ikaingia kundi la kipato cha kati cha chini. Miezi michache nyuma Nigeria ilifanya hivyohivyo kutoka 1990 kwenda 2010, ikapanda kwa karibu asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Hakuna Mkenya wala Mnigeria aliyeamka na hela zaidi mfukoni. Ni kazi ambayo tayari ilikuwepo, kama biashara za simu ambazo mwaka wa zamani hazikuwepo au zilikuwa ndogo, ndiyo ilianza kuhesabiwa ipasavyo. Kurekebisha kizio ni jambo jema na la kawaida. Kosa ni kulinganisha namba ya kabla na ya baada.

*Je, ni bahati ya sampuli?* Hapa pana utajiri, na wengi hupita bila kuangalia. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulitoa vifo vya uzazi 454 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania. Ule wa 2015-16 ukatoa 556. Vichwa vya habari vikalia kwamba vifo vimeongezeka kwa zaidi ya mia.

Fungua ripoti. Kila namba ina namba mbili pembeni yake zinazoonyesha ukweli unaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Ya 2010 ni kati ya 353 na 556. Ya 2015-16 ni kati ya 446 na 666. Zinapishana kwa sehemu kubwa, na waandishi wa ripoti wenyewe walisema tofauti hiyo haitoshi kutangaza kwamba vifo vimeongezeka. Kwa nini wigo ni mpana hivyo? Kwa sababu kifo cha uzazi, pamoja na uchungu wake wote, ni tukio adimu ukilinganisha na idadi ya kaya zinazotembelewa. Wanawake huulizwa kuhusu dada zao, waliofariki wakiwa wajawazito au baada ya kujifungua, na majibu hukusanywa kwa miaka kadhaa iliyotangulia utafiti. Kwa hiyo 556 wala siyo hali ya mwaka 2015. Ni picha ya miaka mingi iliyopigwa 2015.

Kisha ukaja utafiti wa 2022: vifo 104. Kushuka kwa karibu asilimia 81. Tofauti ya ukubwa huo haiwezi kuelezwa na bahati ya sampuli peke yake, kwa hiyo kuna kilichobadilika. Lakini kabla ya kugawa nishani, weka pembeni makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, ambayo ni 238. Hayo hutengenezwa kwa modeli inayounganisha vyanzo vingi. Namba zote zinaonyesha mwelekeo wa kushuka. Zinatofautiana vifo vimeshuka kwa kiasi gani. Maoni yangu: sema "vimeshuka sana" kwa ujasiri, na uwe mgumu kusema "asilimia 81" hadi uhakikishe maswali, fasili ya kifo cha uzazi na kipindi kilichohesabiwa vinafanana kwenye tafiti zote mbili.

*Je, kuripoti ndiko kumeongezeka?* Dawati la jinsia likifunguliwa kwenye kituo cha polisi, kesi za ukatili zitapanda mwaka huo. Haimaanishi wanaume wamekuwa wakatili zaidi baada ya dawati kufunguliwa. Wanaoripoti wameongezeka kwa sababu pa kwenda papo.

Dalili: "Watu elfu moja tu watawakilishaje nchi nzima?"

Swali hili linaulizwa kila utafiti wa maoni unapotoka, na kwa kawaida linaulizwa na aliyeudhiwa na matokeo. Mwaka 2018 shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wake wa maoni Tanzania: waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Waliohojiwa walikuwa 1,241. Mitandaoni wakasema ni wachache mno.

Hesabu ya haraka: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kwa 1,241 unapata kama 0.028, yaani kiwango cha makosa cha karibu asilimia 3 juu au chini. Ukubwa wa nchi hauingii kwenye hesabu hiyo. Watu 1,241 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha kwa Tanzania kama wanavyotosha kwa India. Na kushuka kutoka 71 hadi 55 ni pointi 16; asilimia 3 haiwezi kumeza pengo hilo.

Swali gumu ni jingine: walichaguliwaje, na walikuwa huru kujibu? Utafiti ule ulifanywa kwa simu. Sauti za Wananchi ilianza kwa kuchagua kaya kwanza, kisha kuwapa washiriki simu na chaja ya sola ili wasio na simu wasiachwe nje, na hilo ni jambo la kuwapa maksi. Kinachobaki ni kama mtu anayepigiwa simu kuulizwa habari za Rais husema analolifikiri. Huo ndio mjadala halisi, nao hauhusiani na idadi.

Wingi peke yake hauokoi. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura milioni 10 na kupata majibu zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba kwenye uchaguzi wa urais Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Roosevelt alishinda kwa karibu asilimia 61. Majina yao mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati wa mdororo ule wa uchumi wenye simu na gari hawakuwa watu wa kawaida. Kura za maoni za kwenye kurasa za mitandao ya kijamii zina ugonjwa uleule, hata zikipigwa na watu laki mbili: zinakwambia wafuasi wa ukurasa huo wanawaza nini.

Dalili: "Hatari inaongezeka maradufu"

Uliza maradufu ya ngapi. Uingereza, Oktoba 1995, mamlaka za dawa zilitoa tahadhari kwamba aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ni kweli: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Kila ukiona "mara mbili" au "asilimia 100 zaidi", kataa kuogopa mpaka upewe namba mbili za "kati ya elfu".

Dalili: Grafu inatisha

Hii ni fupi. Tazama mhimili wa wima unaanzia wapi. Nguzo za grafu zikianzia 90 badala ya 0, nguzo ya 96 itaonekana ndefu mara tatu ya ile ya 92. Kisha tazama kama miaka imepangwa kwa nafasi sawa, maana wapo wanaoruka miaka isiyowapendeza. Kwa grafu ya mstari kutoanzia sifuri si dhambi, kwa nguzo ni dhambi.

Dalili: Mstari umenyooka kabisa

Watu hushtushwa na namba inayoruka na kuiamini ile isiyotikisika. Iogope zaidi hiyo. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020, kwenye ramani na majedwali ya dunia ya UVIKO-19, Tanzania ilionekana na wagonjwa 509 na vifo 21, siku baada ya siku, kwa zaidi ya mwaka. Aliyezichukua namba hizo na kuzigawa kwa idadi ya watu alipata moja ya nchi zilizoathirika kidogo kabisa duniani, na kuna waliozitumia hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini 509 haikuwa idadi ya wagonjwa wa mwaka mzima. Ilikuwa namba ya mwisho kutolewa kabla ya kutolewa kusitishwa, na programu za kuchora ramani hazijui tofauti kati ya "hakuna kipya" na "hakuna taarifa".

Hitilafu hii ipo kila mahali, hata kwenye majedwali ya kawaida ya mvua, mahudhurio ya shule na bei za mazao: seli ikiachwa wazi, programu huweka sifuri au hurudia thamani ya juzi. Kwa hiyo ukikuta thamani ileile imejirudia mara nyingi, usiihesabu kwenye wastani. Tafuta safu ya tarehe, uangalie ni lini namba hiyo iliingizwa kwa mara ya mwisho, na kama safu hiyo haipo, muombe aliyetengeneza jedwali akuonyeshe.